Shikamoo Katikati ya Mbio

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, ni mke wa mtu, ninaimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu, na ninapenda mwendo kasi. Hilo la mwisho nililificha miaka mingi. Sasa nimechoka kulificha, na aliyenichosha ni mzee mmoja wa Isingiro ambaye namshukuru kila ninapowasha pikipiki yangu. Mzee huyo ni baba mkwe wangu.

Nianze na mimi mwenyewe, maana si mtu mpole. Wanafunzi wangu wanajua, na mume wangu anajua zaidi. Nilizaliwa Muleba, ajira ikanileta Karagwe, nikaolewa na mnunuzi wa maharage ambaye kwao ni Kyerwa. Tunaishi Nyaishozi. Shule ninayofundisha iko mbali na nyumbani, na mume wangu alipochoka kunipeleka na kunirudisha, alininunulia pikipiki. Nilijifunza kwa wiki moja. Nilianguka mara tatu, mara zote mbele ya wanafunzi, na mara zote nikaamka nikiwafokea wao kana kwamba ndio waliokuwa wameshika usukani.

Wiki ya nne nikaanza kujipima. Palikuwa na fundi wa pikipiki pale senta, mtu mfupi mwenye maneno mengi, na banda lake la mabati liko njiani kwangu. Nikipita pale naangalia saa ya mkononi. Nikifika geti la shule naangalia tena. Jioni nikirudi namwambia fundi nimetumia dakika ngapi. Siku moja akachukua chaki akaandika kwenye ubao wa ukuta: "Mwalimu", na dakika zangu. Kesho yake dereva mmoja wa bodaboda akaona, akacheka, akasema hata bibi yake angenishinda. Akaenda, akarudi, jina lake likaandikwa juu ya langu. Baada ya mwezi ukuta wote ulikuwa umejaa.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kukimbizana na saa. Hatukuwahi kuanza wawili kwa pamoja. Kila mtu alikwenda peke yake, anayeshika saa akisubiri. Tulijiona tuna akili sana kwa sababu hiyo. Lakini njia ilikuwa ile ile ya watu wote, yenye mbuzi, watoto wa shule, na kahawa iliyoanikwa kwenye majamvi ukingoni.

Mkali wetu alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mwisho wa mume wangu. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, dereva wa bodaboda, mcheshi, mla ndizi asiyeshiba. Alipenda nimshikie saa mimi na si mtu mwingine, akisema mwalimu hawezi kudanganya kwenye maksi. Nilimshikia mara nyingi. Nilimpigia makofi. Jumapili moja mchana, sikuwepo, alishuka mteremko wa njia ile akitaka kupunguza sekunde chache kwenye muda wake, akakutana na lori lililokuwa linakata kona. Tulimzika Isingiro, pembeni ya migomba ya baba yake.

Fundi alifuta ukuta kwa maji na sabuni. Akausugua hadi rangi ikatoka.

Kwa miaka miwili hakuna aliyetaja mashindano. Kila Jumamosi mimi na mume wangu tulikwenda Isingiro kumsalimia mzee, ambaye alikuwa mjane tangu kabla sijaolewa na sasa alikuwa amebaki peke yake kabisa. Kabla ya kufika nilisimamisha pikipiki, nikajifunga kitenge juu ya suruali, nikaisukuma hadi uani injini ikiwa imezimwa. Nilipiga magoti nikamsalimia. Alinijibu vizuri. Hakuwahi kuitazama ile pikipiki. Angeweza kuzungumza nusu saa nzima na jicho lake lisiguse upande ule wa ua ambako imeegeshwa.

Kisha fundi akanijia siku moja shuleni, wakati wa mapumziko. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alikuwa ameosha mikono.

"Mwalimu," akasema, "wameanza tena."

"Nani?"

"Wadogo. Wale ambao enzi zetu walikuwa wanatusafishia pikipiki. Ubao nimewanyima, sasa wanaandika kwenye simu. Mteremko ule ule, mwalimu."

Nilimfokea fundi kana kwamba yeye ndiye aliyewatuma. Jioni nikaenda kwa rafiki yangu, nesi wa zahanati, tunayesimama naye safu moja kwayani, nikafoka tena. Yeye alinisikiliza huku anamenya ndizi. Aliyatibu magoti mengi yaliyochunika pale zahanati, na alikuwa na maoni yake.

"Ukiwakataza unapoteza mate yako bure," akasema. "Wewe mwenyewe nani alikukataza ukasikia? Watafutie mahali pasipo na watu."

Mahali hapo nilipajua kabla hajamaliza kusema. Wenyeji wa huku wanajua kwamba kibanja, yaani nyumba na migomba na kahawa, ni kitu kimoja, na rweya ni kitu kingine. Rweya ni nyika ya majani mafupi, wazi, ya kuchungia na kukata nyasi za kutandika kwenye migomba. Baba mkwe wangu alikuwa na rweya kubwa nyuma ya kibanja chake, na tangu msiba alikuwa ameuza ng'ombe wote isipokuwa watatu. Njia ya ng'ombe ilikuwa inaizunguka yote, inapanda, inashuka kwenye bonde dogo, inakata kona penye kichuguu kikubwa, inarudi. Hapakuwa na mbuzi wa mtu, hapakuwa na lori. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba mwenye mahali hapo ndiye mtu wa mwisho duniani wa kuombwa kitu kama hicho.

Jumamosi ile nilimwomba mume wangu aniache niende peke yangu. Mzee alinipokea, akanipa kahawa ya kutafuna kwenye kile kikapu kidogo, tukatafuna. Huku kwetu mgeni hasemi lililomleta kabla ya kahawa, na mimi siku hiyo niliitafuna polepole kuliko siku zote. Halafu nikashuka kwenye mkeka nikapiga magoti tena, maana niliona siwezi kulisema nikiwa nimekaa vizuri.

Nilimweleza habari za vijana na mteremko. Nilimweleza kuhusu rweya. Kisha nikasema lile ambalo sikuwa nimepanga kulisema.

"Tata," nikamwambia, kwa kuwa hivyo ndivyo tunavyomwita baba, "shemeji alipokuwa akikimbia, saa nilikuwa namshikia mimi."

Alitema ganda la kahawa kiganjani, akalitazama.

"Najua," akasema. "Aliniambia mwenyewe. Alikuwa anajisifu kwamba anayempimia ni mwalimu."

Miaka miwili! Miaka miwili nilikuwa napiga magoti mbele yake kila Jumamosi nikidhani nina siri, naye alikuwa anajua, na kila Jumamosi aliniitikia na kuniuliza habari za watoto. Nililia pale kwenye mkeka kwa aibu na kwa shukrani, sikuweza kutenganisha. Yeye aliniacha nilie. Kisha akanipa majibu yake. Rweya tuichukue. Ila siku mtu yeyote atakapoumia humo, hata kama amejitakia mwenyewe, anaifunga, na hatafungua tena. Na yeye asialikwe, asionyeshwe, asihadithiwe.

"Sauti yenyewe sitaki kuisikia," akasema. "Mkija mimi nitakuwa Mabira kwa dada yangu."

Basi hivyo ndivyo tulivyokuwa. Rweya ikifungwa, vijana wanarudi mteremkoni. Hilo nililijua mimi, alilijua fundi, alilijua nesi. Kwa hiyo tulikuwa wakali kuliko polisi. Tulifukia mashimo kwa jembe. Tulifunga vipande vya viroba kwenye fito kuonyesha kona. Fundi alikagua kila pikipiki kabla haijaingia, breki, cheni, matairi, spoku, na ya mtu mmoja aliikataa mara tatu hadi mtu yule akaapa kwamba fundi anamkomoa ili apewe dada yake amwoe. Helmeti zilikuwa nne tu, za kupokezana, na zilinuka vibaya sana, lakini hakuna aliyepanda bila kuvaa. Nesi alikaa bondeni na sanduku lake la huduma ya kwanza. Muda ulipimwa kwa simu mbili, na zikitofautiana tulichukua ulio mrefu. Jirani mmoja alilalamika kwamba vumbi linaangukia kahawa yake, na alikuwa na haki. Tukaweka kanuni kwamba kahawa ikiwa imeanikwa upande upepo unakoelekea, hakuna mbio, hata kama watu wameshatoka Nyaishozi na mafuta yao.

Siku za mbio mzee alitoka alfajiri, kofia kichwani na fimbo mkononi, akashika njia ya Mabira kwa miguu. Nilimwona mara moja akiondoka na nikajisikia vibaya. Mtu kukimbizwa kwake kwa sababu yetu! Lakini wadogo wale walikuwa wameacha mteremko. Fundi alikuwa ananihesabia Jumapili, siku yao ya mteremko: ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, ya tatu hakuna.

Jumamosi moja ya kiangazi tukawaalika madereva wa Mabira waje tushindane, Karagwe na Kyerwa. Walikuja sita, na baadaye kidogo akafika mgeni wao, muuza vipuri kutoka Bukoba aliyekuwa na pikipiki ndefu ya kukanyagia matope. Jumla tulikuwa wakimbiaji kumi na wanne, na mimi mwanamke peke yangu. Kura ilinipa nafasi ya saba.

Nisijisifu sana, lakini siku ile nilikuwa vizuri. Niliondoka bila kuserereka, nikapanda gia mapema, nikaingia bondeni kwa namna ambayo nesi aliniambia baadaye kwamba alifumba macho. Niliposhuka gia kuikata kona ya kichuguu nilijua, kama mtu anavyojua wimbo umekaa kwenye sauti yake, kwamba huu ndio muda wangu bora.

Na pale penye kichuguu alikuwa amesimama baba mkwe wangu.

Sikufikiri. Mwanamke aliyelelewa Muleba na kuolewa Kyerwa hafikiri katika jambo hilo. Mikono ilishika breki yenyewe. Nikateremsha stendi. Nikavua helmeti, maana huwezi kumsalimia mkwe umefunika uso. Kitenge sikuwa nacho. Nikapiga magoti kwenye majani nikiwa na suruali na glavu, injini ikiunguruma nyuma yangu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, tata."

"Na huko Nyaishozi, mvua imegusa?"

"Imegusa kidogo, tata."

"Maharage yamekubali?"

"Yale ya kwanza yamekubali."

Kutoka juu nilisikia fundi akipiga kelele kama mtu aliyeibiwa. Mzee aliniuliza habari za mume wangu, za kwaya, na za jino langu lililokuwa likiniuma wiki iliyopita. Nilijibu yote. Halafu akasema, "Haya, endelea na safari yako," nami nikavaa helmeti nikaendelea na safari yangu. Nilipovuka mstari fundi alikuwa ameketi chini.

"Mwalimu," akasema, "ulikuwa unawaua. Ulikuwa unawaua wote! Umekwenda kufanya nini?"

"Baba mkwe yuko kona ya kichuguu."

Akainuka haraka. "Ana hasira?"

Sikujua. Kweli sikujua. Aliniuliza habari za maharage, lakini mzee wa huku anaweza kukuuliza habari za maharage siku ile ile anayokufukuza. Niliona rweya imekwenda, na vijana wote wamerudi barabarani.

Kabla hatujaamua la kufanya, wa nane alishaondoka. Huyu alikuwa wa kwetu Nyaishozi, aliwahi kuwa rafiki wa shemeji. Tulisikia mlio unashuka, unapanda, halafu unanyamaza penye kichuguu. Naye amesimama. Wa tisa, wa Mabira, naye akasimama, na huyo alizima injini kabisa. Wa kumi vilevile. Kila mmoja alifika kwenye kona, kimya kikaingia, tukahesabu, mlio ukaanza tena. Fundi aliacha kupiga kelele. Aliandika tu daftarini zile nyakati zisizo na maana, dakika tano, dakika sita, nyingine dakika tisa, maana kijana mmoja wa Mabira, alipotambua mzee ni nani, alimpa na salamu alizotumwa na dada yake, ambazo zilikuwa ndefu.

Aliyepita bila kusimama alikuwa mmoja, muuza vipuri wa Bukoba. Alidhani mzee ni mlinzi wa kona. Akampita na vumbi lake, akavuka mstari akiwa na muda mzuri kuliko wote, akanyoosha mikono juu, akashangaa hakuna anayemshangilia.

Ugomvi ukaanza hapo. Wa Mabira walisema muda ni muda. Wa Nyaishozi walisema mbio zirudiwe. Mmoja akapendekeza kila aliyesalimia apunguziwe dakika za salamu, mwingine akauliza nani alizipima. Muuza vipuri alipoelezwa yule alikuwa nani na alifiwa na nani, alivua helmeti, akateremka kwa miguu hadi kwenye kichuguu, tukasogea ukingoni, tukamwona kwa mbali akiinama. Aliporudi alimwambia fundi, "Futa muda wangu." Nilimpenda palepale, na mpaka leo nikihitaji kipuri sinunui kwa mtu mwingine.

Nyuma yake mzee naye alikuwa anapanda, polepole, na fimbo yake. Nilikwenda kusimama mbele ya wenzangu, kwa kuwa ni mimi niliyeomba rweya na ni mimi niliyestahili kunyang'anywa.

Alimtafuta nesi kwa macho. "Nani ameumia?"

"Hakuna, tata."

"Hakuna hata aliyechunika?"

"Hakuna."

"Sasa mnagombana nini?"

Fundi, ambaye siku zote ana maneno ya kugawa, alimweleza kwa kigugumizi. Kwamba kuanzia wa saba kila mtu alisimama kumsalimia. Kwamba hatuna mshindi. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba. Alicheka akaegemea fimbo, akafuta macho, na alipoendelea kuyafuta baada ya kicheko kwisha hatukujua tutazame wapi.

Akatuambia alikuwa njiani kwenda Mabira asubuhi akakutana na hawa sita. Walisimama wote wakamwamkia, mmoja akamuuliza njia ya kwenda kwenye rweya ya mzee aliyefiwa na mwanawe. Aliwaelekeza. Walipoondoka alisimama pale njiani muda mrefu, halafu akageuza.

"Tangu tulipomzika mtoto," akasema, "vijana wa pikipiki wakiniona wanakata njia. Wengine nimewalea. Wanapita nyuma ya migomba ili wasikutane na mimi. Nilidhani wamenichoka. Leo wanane wamevua helmeti."

Wa nane, yule rafiki wa shemeji, aliinamisha kichwa. Ni kweli, walikuwa wanamkwepa, nasi sote tulijua. Walimkwepa kwa aibu ya kuwa hai na kuendesha pikipiki. Hakuna aliyewahi kufikiri jambo hilo linaonekanaje kutoka upande wa pili wa migomba.

"Kosa ni langu," mzee akaendelea. "Nimesimama mahali pabaya. Nitasimama pale mnapoanzia. Mtu anisalimie kwanza, nimwitikie, ndipo aende. Huko mbele asimsalimie tena mtu."

Tulirudia mbio zote mchana huohuo, na hivyo ndivyo tunavyofanya mpaka leo. Mkimbiaji anasogea kwenye mstari, injini imewaka, anasema shikamoo. Mzee akisema marahaba, simu zote mbili zinabonyezwa. Sijasikia kwamba kuna mahali pengine wanaanza hivyo. Mzee ana mambo yake. Asiyefunga mkanda wa helmeti haitikiwi; anabaki pale ameshika klachi, anarudia shikamoo mara tatu nne kwa sauti inayozidi kuwa ndogo, hadi mtu amnong'oneze. Aliyelewa rubisi haitikiwi kabisa, na hilo halina rufaa. Wanaojidai kwa kuvuta mafuta anawasubirisha hadi watulie. Mimi ananiuliza kwanza kama watoto wamekula.

Mabira kwa dada yake sasa anakwenda Jumatano. Fundi ameacha kuhesabu Jumapili, kwa sababu kwa muda mrefu hakuna cha kuhesabu. Nikiwaza nilivyokuwa nikiizima pikipiki mbali na kuisukuma hadi uani, nashukuru kiasi kwamba hasira zangu zote zinanitoka, angalau hadi Jumatatu asubuhi.

Niliapa kutoandika habari za mbio zetu za mwisho kabla ya mvua za masika, lakini naona bila hizo sijaandika kitu. Niliomba niwe wa mwisho, maana nilikuwa nasimamia chakula. Mzee aliniitikia, nikaondoka. Nilipofika bondeni cheni ikakatika. Nesi alikuwa amepanda juu kuangalia sufuria ya maharage, kwa hiyo nilipiga kelele, "Mzima! Cheni tu!" na fundi akashuka na vifaa vyake. Kiungo cha cheni kilikuwa kimerukia majanini. Tulikitafuta kwa magoti, tukabishana, tukakipata, kikagoma kuingia. Fundi hapendi kusaidiwa na mimi sipendi kukaa kimya. Juu tulisikia masufuria na vicheko. Watu walikuwa wameanza kula, na sikuwalaumu. Mwishowe tuliamua kuisukuma tu.

Tulipofika juu, mstarini palikuwa na mtu mmoja. Wengine wote walikuwa kivulini na sahani zao. Mzee alikuwa amesimama palepale nilipomwacha, fimbo mkono mmoja, simu ya nesi mkono wa pili, ameinyoosha mbele yake. Nesi alikuwa amempa amshikie kidogo aende kuepua sufuria.

"Tata, mbona hujakaa?" nikamuuliza. "Hukusikia kwamba ni cheni tu? Chakula chako kinapoa."

"Nilisikia."

Fundi alichukua pikipiki kutoka mikononi mwangu, akaenda nayo bila kuambiwa.

"Siku ile ya mtoto nilikuwa nimekaa," mzee akasema. "Nilikuwa nakula. Walinikuta na tonge mkononi. Sikujua kuwa kuna mtu wa kumsubiri, mwanangu. Hakuna aliyekuwa ameniambia amekwenda kukimbia."

Pole nilikuwa nimeisema mara nyingi sana na haikutosha hata mara moja. Nilipiga magoti tu pale vumbini mbele yake, na yeye akaishusha ile simu hadi usawa wa macho yangu. Namba zilikuwa bado zinakimbia, dakika arobaini na moja na ushee.

"Hii inazimwaje?"

"Bonyeza hapo pekundu, tata."

Hakubonyeza. Alinitazama, kisha akaitazama njia ya bondeni, kisha akanitazama tena.

"Umefika?"

"Nimefika, tata."

"Na huko nyuma hakuna mwingine?"

"Hakuna. Mimi ndiye wa mwisho."

Akabonyeza. Kisha akasema miguu inamuuma, akaniomba nimsogezee kiti.